Kobe Wenye Rangi ya Kucha

Kobe wa kwanza alirudishwa nyumbani Jumatatu asubuhi, akiwa amefungwa kamba ya katani katikati ya gamba kama kifurushi kinachosubiri basi.

Aliyemleta alikuwa Kelestini, mvuvi wa kitongoji cha Mkasu, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Alibisha hodi, akapokea shikamoo ya Dativa, akaketi, akaulizia usingizi, akaulizia afya, akaulizia wazazi wa Dativa kule Mlimba, na alipoona mambo yote yako salama ndipo akamsogeza kobe mbele kwa upande wa mguu.

"Huyu wako," alisema. "Nimemkuta kwenye mgono wangu, anakula chambo cha samaki. Nikaona rangi. Nikasema aa, huyu ana mwenyewe."

Dativa alimtazama kobe. Kobe hakumtazama Dativa, maana alikuwa amefunga. Kobe wa majini wa bonde lile ana bawaba tumboni, na akichukizwa hujifungia ndani kama dirisha la ofisi saa ya chakula. Juu ya gamba lake kulikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha. Dativa aliipaka mwenyewe wiki iliyotangulia, kwa mkono uliotulia, kisha akamwachia bwawani huku akimtakia maisha mema.

"Ahsante sana, baba," alisema. "Ila nilimwachia makusudi."

Kelestini alitikisa kichwa kwa huruma. "Hata mimi, kuku wakinipotea, huwa nasema hivyo hivyo."

Dativa alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, katika elimu ya wanyamapori, na bado aliamini kwamba jambo lolote likielezwa vizuri na kwa upendo litaeleweka. Alipangisha chumba kwa Mama Restituta, mwanamke wa makamo aliyekuwa na kuku wengi na maneno mengi zaidi, na kila asubuhi alishuka bwawani akiwa na mabuti, daftari na matumaini.

Bwawa la Mkasu lilikuwa upande wa chini wa kitongoji, mahali ambapo maji ya mafuriko hubaki mto ukisharudi kwenye njia yake. Lilikuwa na mayungiyungi, lilikuwa na kambare, lilikuwa na ndege ambao Dativa aliwajua kwa majina na kuwasalimia, pale alipokuwa na hakika hakuna mtu karibu. Sasa kulikuja mradi wa umwagiliaji. Mfereji mkuu ulichorwa unapita katikati ya bwawa hilo, ambalo lingekaushwa na kufukiwa ili majaruba ya mpunga yaongezeke. Mradi ulikuwa na sharti moja tu: kwanza ijulikane kobe wa majini waliomo ni wangapi. Wakiwa wachache, watapakiwa kwenye pikapu wapelekwe mtoni. Wakiwa mamia, bwawa litaachwa na mfereji utapindishwa. Namba hiyo ilitakiwa itoke kwa Dativa, na itoke Jumamosi, kwenye mkutano wa kitongoji.

Bila shaka huwezi kuwahesabu kobe wa bwawa kwa kuwaita majina. Unatega, unakamata kadhaa bila kuchagua, unawapaka alama, unawaachia. Unawapa siku za kuchanganyika na wenzao. Kisha unatega tena, bila kuchagua, na unatazama: kati ya hawa walioingia, wenye alama ni sehemu gani? Akiwa mmoja katika kila kumi, basi wale uliowapaka mwanzo ni sehemu ya kumi ya kobe wote. Dativa alikuwa amepaka thelathini. Ni kama kuonja chumvi. Huhitaji kula sufuria nzima. Kijiko kinatosha, mradi mchuzi umekorogwa na mkono wako haukuchagua mahali pa kuchota.

Watu wa Mkasu hawakushangazwa na rangi ya kucha. Walikuwa wameshamzoea. Mwezi uliotangulia, alipokuwa akipima majani ya kandokando ya bwawa, alimwendea Marselino, fundi seremala, akamwomba fremu ya mraba, mita moja kila upande, isiyo na kioo wala mgongo.

"Picha ya nani itakaa humo?" Marselino aliuliza.

"Hakuna picha. Nailaza kwenye majani, nahesabu yaliyomo ndani."

Marselino alifikiri, akaitengeneza, akaipiga vanishi, na kwa wema wake akaweka kulabu ya kuning'inizia ukutani. Kwa wiki tatu watu walimwona binti yule akitupa fremu nzuri ya vanishi majanini, akiipigia magoti na kusoma kilichomo. Baada ya hapo angeweza kupaka wanja kambare na wangempisha tu njia.

Alichokosea alikisema mwenyewe, hadharani. Kabla ya kuanza kazi ya kobe, alisimama mbele ya wanakitongoji akasema: "Mkimwona kobe mwenye rangi nyekundu, ni wangu wa utafiti. Naomba msimdhuru." Walimpigia makofi.

Kumbe katika kitongoji cha Mkasu kuku hawafungwi. Wanatembea, wanachanganyika, wanalala wanakokutwa na giza. Kinachozuia ugomvi ni alama. Kuku wa Mama Restituta wana kitambaa cha bluu kwenye bawa. Wa Faustin wamekatwa ukucha wa kidole cha nyuma. Bata wa Leodegar, katekista, wana rangi ya kijani iliyobaki ulipopakwa mlango wa kigango. Ukimkuta mnyama mwenye alama nje ya kwao, unamrudisha. Huulizi kama mwenyewe anamtaka. Mtu anayemwacha mnyama mwenye alama apite mlangoni pake bila kumrudisha, watu huanza kumtazama kwa namna fulani hata kwenye misa.

Kufikia Jumanne jioni, kobe walikuwa wakija kwenye ndoo, kwenye beseni, kwenye kapu la baiskeli. Mmoja aliletwa kwa bodaboda kutoka Kisawasawa. Huyo alikuwa kobe wa nchi kavu, na wekundu wake ulikuwa udongo. Dativa alimpokea hata hivyo, kwa sababu mwenye bodaboda alikuwa ametumia mafuta yake mwenyewe na hakutaka hata chai.

Kila jioni aliwabeba akawarudisha majini. Mama Restituta alimtazama akiwa kizingitini, mikono kiunoni.

"Watu wanahangaika kukuletea, wewe unakwenda kuwamwaga."

"Mama, wale si wangu. Ni wa bwawa."

"Ulisema ni wako. Mimi nilikuwepo, nimekaa mbele."

"Nilisema ni wa utafiti."

"Na huo utafiti umepanga kwa nani? Si hapa kwangu?" Mama Restituta alishusha pumzi. "Mwanangu, mali huanza hivi hivi. Mimi nilianza na tetea mmoja, tena alikuwa na chongo. Nitakujengea banda."

Akalijenga. Kesho yake asubuhi kulikuwa na zizi dogo la mianzi kando ya banda la kuku, lenye beseni la maji katikati na majani ya matembele, ambayo kobe wa majini hawali. Waliokuja baadaye hawakufika tena kwa Dativa. Walipokelewa zizini moja kwa moja.

Dativa alikwenda kwa Leodegar kuomba nafasi ya kusema baada ya ibada ya Jumatano. Katekista alikubali, ila alitangulia kutangaza, kwa ile sauti anayoitumia kwa ndoa na michango: "Wapendwa, kuna kobe wa dada yetu Dativa wanaendelea kupotea. Aliyemwona asimfiche."

Dativa alisimama. Alizungumza polepole na vizuri. Alieleza habari ya chumvi na sufuria. Alieleza kwamba hataki kobe wake warudishwe, anataka wachanganyike. "Kesho usiku natega migono bwawani. Ijumaa asubuhi nataka nione kobe gani wameingia. Ni siku kubwa kwangu, maana Jumamosi natakiwa kutoa namba. Naomba sana mnisaidie."

Alikusudia wamsaidie kwa kukaa mbali. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mara ya kwanza, na kuna mama mmoja alifuta machozi. Dativa alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alijiambia kwamba mwisho wa yote watu wanaelewa, ukiwapa heshima ya kuwaeleza.

Ijumaa asubuhi migono ilikuwa mizito. Alivuta wa kwanza, akauinua kwenye mwanga. Kobe watatu, wote na alama nyekundu. Alifurahi, maana ni bahati njema kuwapata wenye alama. Wa pili, wanne, wote nyekundu. Furaha ikapungua kidogo. Wa tatu ulikuwa hivyo hivyo. Alipofika wa tano aliketi kwenye matope, mgono ukiwa mapajani, na kobe wawili wekundu walimfungia mlango kwa pamoja.

Kelestini na Faustin walikuja kandokando ya bwawa, wamelowa hadi kifuani, wakitabasamu kama watu waliotoka kumaliza kaburi kabla ya msiba kufika.

"Shikamooni," alisema Dativa, kwa sababu ilibidi.

"Marahaba, binti. Umeona?"

"Nimeona. Wote wana rangi."

"Wote!" Faustin alisema. Alikuwa mkulima mwenye jaruba linalopakana na bwawa. "Tumeanza alfajiri. Wale wengine tumewatoa. Walikuwa wamejazana humo bila haya, wanakula utumbo wa kuku ulioununua wewe."

"Na wako ambao hawakuingia tumekuongezea kutoka kwa Mama Restituta," alisema Kelestini.

Dativa aliutoa mgono mapajani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari: "Mliowatoa walikuwa wangapi?"

Wanaume wale wakatazamana.

"Wengi," alisema Kelestini.

"Wengi kiasi gani, baba?"

"Wengi wa kuchosha."

"Mimi mwishoni nilikuwa nawarusha kwa mikono miwili," alisema Faustin. "Wananuka wale!"

Jioni hiyo alimpigia simu Daktari Viktor, msimamizi wake, aliyekuwa Ifakara mjini. Daktari Viktor alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulipaka thelathini," alisema, "ukatega tena, na kila uliyemkamata ana rangi."

"Ndiyo, daktari."

"Basi kwa hesabu, bwawa zima lina kobe thelathini. Uliwapaka wote. Hongera."

"Lakini siyo kweli, daktari. Kuna wengine. Wengi wa kuchosha."

"Hiyo si namba, Dativa."

"Najua."

"Rudia zoezi."

"Kurudia kunataka wiki mbili. Mkutano ni kesho."

Daktari akasema, bila ukali, "Basi kasome ulichokipata," na salio likaisha, au akakata simu.

Dativa alikaa kibarazani. Kwa kidole aliandika vumbini 300. Ilikuwa namba nzuri. Ilielekea kuwa kweli. Pengine ilikuwa ndogo kuliko ukweli. Hakuna mtu ambaye angeweza kuipinga, na ingeliokoa bwawa, mayungiyungi, kambare na ndege wote anaowasalimia. Aliitazama kwa muda. Kuku mwenye kitambaa cha bluu akapita juu yake, akaivuruga sifuri ya mwisho, na Dativa hakuiandika tena.

Mkutano ulifanyikia kwenye ghala la mpunga. Salvatory, mwenyekiti wa kitongoji, aliketi juu ya gunia, na kando yake alisimama Eustaki, mtaalamu wa mradi, mwenye ramani iliyokunjwa vizuri na viatu vilivyopigwa rangi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mfereji wa kuchimba kabla ya mvua.

"Binti Dativa," alisema Salvatory, "tupe namba."

Dativa alisimama. "Hesabu yangu inasema bwawa lina kobe thelathini. Lakini hesabu hiyo imeharibika, na sina nyingine."

Minong'ono ikapita ghalani.

"Imeharibikaje?"

"Migono iliguswa kabla sijaitazama. Waliogusa walinitakia mema. Mimi ndiye sikueleza vizuri."

Kelestini aliinamisha kichwa. Faustin alimtazama Kelestini kama vile habari hii ni ngeni kwake.

"Kwa hiyo," Eustaki alisema, "namba iliyopo ni thelathini."

"Ndiyo iliyopo," alisema Dativa. "Ila si ya kweli."

"Nakuelewa, dada yangu, na pole. Lakini mradi unahitaji namba, na iliyopo ni hiyo. Thelathini wanatosha kwenye pikapu moja. Jumatatu tunawabeba."

Hapo Mama Restituta akainuka. Aliinuka taratibu, akafunga khanga yake upya, jambo ambalo Mkasu nzima iliielewa maana yake.

"Mtaalamu, samahani. Unabeba kobe wa nani?"

"Wa bwawa, mama."

"Wenye rangi au wasio na rangi?"

Eustaki alifungua ramani, ambayo haikuwa na jibu. "Wote, nadhani."

"Wenye rangi wana mwenyewe. Yuko hapa, amesimama. Umemwomba?"

"Mama, kobe ni wanyamapori..."

"Mwaka juzi barabara ilipotaka kupita kwenye banda langu la kuku, nilipewa muda nihamishe. Mwenyekiti, si uliandika wewe barua? Nilipewa msimu mzima. Leo huyu mtoto wa watu, kwa kuwa ni mpangaji na kwao ni Mlimba, mifugo yake ibebwe kwa pikapu Jumatatu?"

"Si haki," alisema mtu nyuma.

"Hata bata hawabebwi hivyo," alisema Leodegar.

Salvatory alikuna kidevu. Alikuwa ameamua kesi nyingi za kuku katika maisha yake na alijua njia yake. "Tuende polepole. Binti Dativa, mbele ya watu wote hawa. Kobe ni wako au si wako?"

Dativa aliona waziwazi kilichokuwa mbele yake. Neno moja, na bwawa lingepata msimu mzima. Lakini wiki yote alikuwa amelikana neno hilo mlango kwa mlango, na alilikana kwa sababu lilikuwa uongo.

"Wenye rangi," alisema, "rangi niliwapaka mimi."

"Haya."

"Lakini si mali yangu. Ni wa bwawa. Nimesema hivyo tangu Jumatatu, na leo nasema hivyo hivyo."

"Hilo tumelisikia wiki nzima," alisema Salvatory kwa upole. "Rangi nani alipaka?"

"Mimi."

"Inatosha. Keti, mwanangu."

Akatoa uamuzi. Mwenye mifugo hahamishwi kabla hajapewa nafasi ya kuijua mifugo yake. Zizi la Mama Restituta lifunguliwe leo. Binti apewe wiki mbili atege upya, kwa utaratibu wake, na namba itakayopatikana ndiyo itakayosomwa, iwe ndogo au kubwa. Ikiwa ndogo, pikapu ije. Mtu yeyote asiguse migono. Na kwa kuwa kobe wametoboa tuta la jaruba la Faustin, mwenye kobe ataliziba.

"Na wale wasio na rangi?" aliuliza Eustaki, ambaye sasa alikuwa ameketi.

"Wale hawana mwenyewe," alisema Salvatory. "Ndiyo maana inabidi tujue ni wangapi."

Eustaki aliandika jambo hilo, akalisoma alivyoliandika, na akakuta kwamba ndilo sharti la mradi.

Dativa aliliziba tuta la Faustin kwa siku mbili, kwa jembe la kuazima. Faustin alisimama pembeni akimwelekeza, na mara moja akamwambia kwamba kobe wake ni wakorofi lakini yeye hana kinyongo.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi ya kutazama migono, nusu ya kitongoji ilikuja bwawani. Hawakuja kusaidia, walikuwa wameonywa. Walijipanga juu ya tuta, na ili pasiwe na shaka, wote walifunga mikono nyuma ya migongo yao kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mama Restituta alisimama mbele, akiwatazama wengine zaidi kuliko alivyotazama bwawa. Ukungu ulikuwa unainuka kuelekea milima ya Udzungwa. Eustaki alikuwepo pia, na viatu vyake vilikuwa na matope.

Dativa aliingia majini hadi kiunoni, akaushika mgono wa kwanza, akauvuta. Haukuja kirahisi. Aliuegemeza kwenye nyonga, akafungua mdomo wake, akaanza kutoa mmoja mmoja na kumsoma kwa sauti ili Leodegar aandike.

"Hana. Hana. Hana. Hana."

Harufu ilikuwa kali. Gamba baada ya gamba, jeusi, lenye ukoga wa kijani, lisilo na alama.

"Hana. Hana. Huyu anayo. Hana. Hana."

Juu ya tuta mtu alihema kwa uchungu. Alikuwa Kelestini. Mikono yake ilikuwa bado nyuma, lakini mabega yalikuwa yanacheza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona jirani akiibiwa mchana.

"Dada Dativa," alisema, alipokuwa hawezi tena kuvumilia. "Kati ya wote hao, wako ni mmoja tu?"

"Ni mmoja tu, baba."

"Hao wengine nisikutolee? Hata wachache?"

"Waache, baba," alisema Dativa, huku akitumbukiza mkono tena. Hakuwahi kufurahi kiasi hicho kwa kuwa na mali kidogo. "Waache hivyo hivyo walivyo."

Kelestini alimgeukia Faustin, akatikisa kichwa.

"Ni wengi wa kuchosha," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia mapema."